Mlango Ukishuka, Usikimbilie Randa

Siku ya kwanza kufanya kazi na Bawaba nilitoka nimeshindwa, na mimi si mwanamke wa kushindwa ovyo. Biashara yangu ni milango na madirisha ya zamani. Nyumba ikibomolewa, mimi niko pale kabla vumbi halijatua. Wakati ule nilikuwa nimepata milango kumi na mmoja ya mbao ngumu, na mmoja nikaufunga kwenye ofisi yangu ndogo iliyo mwisho wa uwanja, maana mlango uliosimama hujiuza wenyewe. Uliolala chini huulizwa umetoka wapi. Shida ni kwamba ulikuwa unakwaruza sakafu. Mteja akiusukuma, unalia, naye anaanza kuniomba nipunguze.

Nikaletewa fundi. Mtu mfupi, mabega mapana, penseli sikio la kulia, sigara sikio la kushoto. Jina alilopewa na wazazi wake sikulisikia kwa muda mrefu. Watu wote walimwita Bawaba. Nikamwonyesha mlango, nikamwambia arande kidogo kwa chini, basi.

 Alikishika kitasa, akauinua mlango, ukacheza. Akatoa bisibisi, akang'oa skrubu tatu za bawaba ya juu, akachonga vijiti vitatu, akavipaka gundi na kuvigonga ndani ya matundu yaliyokuwa yamelegea. Kisha akaniambia nisiuguse, akaenda zake. Alirudi alasiri, akakaza skrubu, akausukuma mlango kwa kidole kimoja. Ukaenda kimya mpaka ukutani.

"Mlango ukishuka, usikimbilie randa," aliniambia. "Ukiranda leo, kesho unashuka tena, unaranda tena. Mwisho unabaki na kipande cha ubao na bawaba imelegea vilevile."

Alipotaja ujira wake nikamcheka. Kazi ya robo saa, nilimwambia, muda mwingine wote ulikuwa wa gundi, na mimi siwezi kulipia gundi kukauka. Bawaba hakununa wala hakubishana. Alitoa tena bisibisi, akafungua skrubu moja, mbili, tatu, akavitoa vijiti kwa koleo, akaniachia mlango vilevile alivyoukuta.

"Huo wako, tajiri. Randa unayo?"

Nililipa. Nikalipa na siku ya pili ya kungoja, kwa sababu vile vijiti vilitakiwa vipya.

Tukafanya kazi pamoja miaka tisa. Sikupata kuona mtu anayeufahamu mlango kama yeye, wala mtu mkaidi kama yeye. Alikuwa habebi mlango na mwenzake. Alisema mlango ukibebwa na wawili hugombana kwenye kona za ngazi, kwa hiyo aliuweka mgongoni, akainama, akapanda nao hadi ghorofa ya tatu huku sigara imening'inia mdomoni. Mkewe, mshona mapazia, alimkataza mpaka akachoka. Mimi sikumkataza. Fundi mmoja anayebeba mwenyewe ni nafuu kuliko fundi na mpagazi, na nasema hivi waziwazi kwa kuwa ndivyo nilivyowaza.

Mwaka wa nane alianza kutembea ameinama. Alikuwa akienda hatua thelathini, anatafuta pa kukaa. Akikaa maumivu ya miguu yanatulia, akisimama yanarudi. Dukani alipenda kusukuma mkokoteni hata kama hauna kitu, kwa sababu akiuegemea anapata nafuu. Alivaa mkanda wa kiuno. Alikwenda kwa mtaalamu wa mazoezi miezi mitano, na akayafanya kweli, mkewe akimhesabia. Alichomwa sindano ya mgongo iliyomsaidia wiki tatu. Wenzake wakasema Bawaba sasa ameota kutu, apakwe grisi. Alicheka nao.

Kicheko kilikwisha siku ya kandambili. Alikuja ofisini kwangu, akavuka kizingiti, akaendelea kuongea mpaka mezani. Kandambili ya mguu wa kushoto ilikuwa imebaki mlangoni. Nikamtania kwamba siku hizi anavua kiatu kimoja kimoja kama mtu asiye na uhakika wa kukaribishwa. Akageuka, akaitazama, akautazama mguu wake uliokuwa mtupu juu ya sakafu. Hakuwa na habari kwamba imetoka.

"Tangu lini?" nilimuuliza.

"Sijui," alisema. "Ndiyo mara ya kwanza nimegeuka nyuma."

Wakati huo nilikuwa nimesaini mkataba wa milango thelathini na miwili ya bweni la chuo, wenye tarehe ya mwisho. Kwa hiyo aliposema ameitwa na daktari bingwa wa mifupa, nikajitolea kuwapeleka kwa gari langu, yeye na mkewe. Mkewe alinishukuru. Sikumwambia kwamba nilikuwa naifuata tarehe.

Chumba cha daktari kilikuwa kidogo: kitanda cha ngozi ya bandia, kisanduku cha taa ukutani, meza, viti vitatu. Mlango wake ulikwaruza sakafu tulipoingia, nikamwona Bawaba akiutupia jicho la dharau. Daktari mwenyewe alikuwa mama mwembamba, miwani imefungwa kamba shingoni, mtu wa sauti ya chini asiyeharakishwa. Alibandika picha tatu kwenye taa: moja mgonjwa amesimama wima, moja ameinama mbele, moja amejinyoosha nyuma. Halafu akachukua maboksi mawili ya glovu, akayaweka moja juu ya jingine, akapitisha mpira wa kipimo chake cha kifuani katikati.

"Hizi ni pingili mbili za kiuno chako," alisema. "Hii ya juu imeteleza mbele." Akalisukuma boksi la juu, mpira ukabanwa. "Na haijatulia. Ukiinama inakwenda, ukinyooka inarudi. Kila ikitembea inaibana mishipa ya fahamu inayokwenda miguuni. Kandambili yako imetoka kwa sababu hiyo."

Bawaba aliuliza kama ni ile milango aliyobeba. Daktari alisema huenda imechangia, lakini wapo makarani wenye mgongo kama huo ambao hawajabeba hata kiti. Kisha akatupangia njia zilizopo, polepole, na kila moja akaisemea zuri lake na baya lake.

Ya kwanza ni kuendelea na mkanda, dawa na mazoezi. Wengi huishi hivyo na kupata nafuu, alisema, ila mguu ukianza kuishiwa nguvu kungoja kuna hatari yake. Mshipa uliobanwa muda mrefu unaweza usirudi. Ya pili ni upasuaji mdogo: kupunguza mfupa na nyama ngumu inayobana, mishipa ipate nafasi, hapo hapo kushona. Kidonda kidogo, siku chache hospitali, wiki sita au zaidi kidogo mtu anarudi kwenye kazi nyepesi. Ya tatu ni kufanya hivyo halafu kuziunganisha zile pingili mbili: skrubu nne ndani ya mfupa, vyuma viwili vya kuzishikanisha, na vipande vya mfupa wake mwenyewe kupandwa katikati ili baada ya miezi ziote kuwa kitu kimoja. Mara nyingine huongezwa kijisanduku kidogo badala ya ile diski iliyochakaa. Upasuaji mrefu, damu zaidi, hatari zaidi ya usaha, na kiungo kile hakitapinda tena maisha yake yote. Wapo pia, alisema, wanaoweka vifaa vinavyoacha mgongo ucheze, lakini kwa mteleko kama wake hakuwa na ushahidi wa kumshauri hivyo.

Mimi tayari nilikuwa nimechagua. Wiki sita zilikuwa zinaingia ndani ya tarehe yangu. Nikamnong'oneza Bawaba kwamba ile ya pili ina akili, mtu haanzi na bei kubwa. Naye alikuwa upande wangu kwa sababu zake mwenyewe.

"Daktari," alisema, "mimi kazi yangu ni bawaba. Bawaba ukiipigilia misumari isicheze, hiyo si bawaba tena, ni kipande cha chuma. Nipe hiyo ndogo. Punguza panapobana, niende."

Daktari alimwambia inawezekana, na kwa mgongo uliotulia angemshauri hivyo yeye mwenyewe. Lakini wa kwake haukutulia. Akipunguza mfupa bila kushikilia pingili, huenda ikateleza zaidi, na baada ya mwaka warudi meza ileile, safari hii penye kovu na pagumu zaidi. Bawaba akaanza kujadiliana. Akaomba skrubu mbili badala ya nne. Akaomba zitolewe baadaye. Akaomba apewe ile ndogo kwa majaribio. Mimi nimezungumza bei na watu wa kila aina, lakini sijawahi kumsikia mtu akitafuta punguzo la uti wa mgongo.

Katikati ya mazungumzo hayo nesi aliingia kuchukua faili, na mlango ukakwaruza tena. Bawaba akashindwa kuvumilia. Alinyanyuka kwa kushika meza, akaenda akijikokota, akapitisha kidole chini ya ubao.

"Nani ameuranda mlango huu?"

Daktari alisema ni watu wa matengenezo, mara mbili mwaka huo.

"Na watauranda mara ya tatu. Tazama, bawaba ya juu imeachia, inatembea. Wao wanakata chini. Wangeukata mpaka kwenye kitasa, ungeshuka tu." Alikuwa amekasirika kweli, kama mtu aliyekuta mtoto wake amenyolewa vibaya.

Mkewe alikuwa hajasema neno tangu tuingie. Mikono yake ilikuwa juu ya mkoba, akiitazama ile picha ya mtu ameinama.

"Basi na wewe," alisema, "unamwomba daktari akurande."

 Daktari alivaa miwani yake akavua. Bawaba alibaki amesimama, mkono mmoja kwenye mlango, akaiangalia picha ya ukutani, kisha bawaba, kisha picha tena. Niliona jinsi anavyoipima, kama alivyoipima milango yangu yote. Akarudi kwenye kiti.

"Hizo skrubu zako," alimuuliza daktari, "zinashika moja kwa moja?"

"Hapana. Zinashikilia mpaka mfupa uote. Mfupa usipoota, skrubu hulegea au chuma huvunjika."

"Kumbe ni jiliwa tu, ya kubana mpaka gundi ishike. Gundi ndiyo kazi."

"Gundi ndiyo kazi," alisema daktari.

"Inakauka muda gani?"

Alisema miezi mitatu ya kutobeba, kutoinama, kutojisokota. Sita mpaka mwaka kuwa na uhakika. Hapo mimi nikaingia, kwa sababu kuingia ndiyo desturi yangu. Nikauliza kama kwa mtu mwenye mwili mgumu kama huyu haiwezi kuwa miwili. Daktari alinigeukia kwa upole akaniambia mfupa hauna bei ya mwisho. Mkewe Bawaba naye akanigeukia, na upole wake ulikuwa mdogo zaidi.

"Wifi," alisema, "milango yako haina miguu ya kukimbilia. Itangoja."

Kulikuwa na sharti moja. Daktari alitazama sikio la kushoto la Bawaba, akasema moshi huzuia mfupa kuota. Wiki sita kabla ya upasuaji na miezi yote baada yake, hata moja hapana. Bawaba akaomba tatu kwa siku. Akaomba moja, baada ya chakula. Akaomba kunusa. Mwishowe akaitoa ile iliyokuwa sikioni, akaiweka juu ya meza ya daktari kama mtu anayesalimisha bunduki. Wiki sita zile alitafuna penseli za seremala. Mkewe alizikuta mfukoni zimebaki vipande, akaniambia afadhali kula mbao, mbao ni ndugu zake.

Kabla ya siku ya upasuaji Bawaba alikuja uwanjani kuzungumza. Alijua nimebanwa. Akaniambia kama namtaka nimngoje, ningoje. Kama siwezi, nimpe kazi mtu mwingine, hatakasirika. Nikamwambia ukweli: mkataba siwezi kuungojesha, nitampa mwingine. Lakini kona yake ya kazi haitaguswa na mtu, benchi lake na kabati lake la vifaa litafungwa, ufunguo akae nao. Naye kwa kulipia hilo, akirudi, kila mlango wangu mgumu ataushika kwanza kabla ya mtu mwingine kumwita. Alifikiri, akaongeza kwamba hatabeba tena, awepo mpagazi na nimlipe mimi. Tukashikana mikono. Hapakuwa na machozi. Tulikuwa na kazi ya kupanga mbao.

Siku ya upasuaji tulikaa koridoni tangu asubuhi. Mkewe alikuwa amekuja na pazia, akapinda ukingo wake mzima kwa mkono, futi kwa futi, na sindano haikukosea. Alisema daktari alikuwa amewaeleza yote: damu, usaha, mshipa kuguswa, mfupa kukataa kuota. "Amesema wengi hupona," aliniambia, "hakusema wote. Nimempenda kwa hilo." Mimi nilitembea. Bawaba alipoletwa kitandani bado ana usingizi wa dawa, daktari alimwambia achezeshe vidole vya miguu. Vya kulia vikacheza. Vya kushoto vikangoja, tukangoja navyo, halafu kidole kikubwa kikainuka kidogo tu, kama mtu anayenyoosha mkono mkutanoni bila uhakika wa hoja yake.

Kesho yake walimsimamisha. Jasho lilimtoka, akatukana kwa heshima, akapiga hatua nne. Maumivu ya kidonda yalikuwapo, lakini ule moto wa kushuka miguuni alisema umezimwa kama taa. Nilipomtembelea aliniambia sasa ana vyuma vingi kuliko uwanja wangu, na nisidhani atauzwa kwa kilo.

Miezi ile haikuwa myepesi kwake. Mtu aliyepanda ghorofa na mlango mgongoni alifundishwa upya kutoka kitandani: geuka ubavu kwanza kama gogo, miguu chini, ndipo inuka. Mwezi wa pili, maumivu yamepungua, alikutwa na mkewe ameshika ncha ya kabati la nguo ili alisogeze. Hakumgombeza. Alimwuliza tu, "Gundi imekauka?" Akaliachia. Tangu hapo swali hilo likawa polisi wa nyumba. Alitembea kila asubuhi, kwanza mpaka kwenye nguzo ya umeme, kisha mpaka dukani, kisha mpaka kwangu, na siku ya kwanza aliyofika kwangu bila kukaa njiani niliangalia nyuma yake kwanza. Kandambili zote mbili zilikuwa miguuni.

Ile milango ya bweni niliwapa mafundi wengine wawili, vijana wa kazi ya haraka. Walimaliza kabla ya tarehe, nikajisifu. Mwezi wa saba baada ya upasuaji msimamizi wa chuo akanipigia simu: milango tisa inakwaruza. Akaongeza kwamba mafundi wangu walikuwa wameshairanda minne na bado. 

Wiki hiyohiyo Bawaba alikuwa amepigwa picha nyingine. Daktari alimwonyesha weupe wa mfupa mpya uliokuwa umevuka kutoka pingili hadi pingili, ukiwa imara, akamruhusu kazi ya benchi na kusimama, kubeba hapana. Alikuja kwangu na kitu amekitengeneza: kipande cha mbao ngumu chenye kisigino katikati, kama mzani wa watoto wa kupanda na kushuka. Unaingiza ncha moja chini ya mlango, unakanyaga ncha nyingine, mlango unainuka wenyewe mpaka usawa wa bawaba, mikono yako yote miwili iko huru na mgongo umesimama wima. Mafundi wengine wana vitu vya namna hiyo tangu zamani. Yeye miaka yote alividharau, alisema ni vya watu wasio na mgongo.

Tulikwenda bwenini na mpagazi. Mlango wa kwanza Bawaba alikishika kitasa, akauinua, ukacheza. Alinitazama tu. Akajaza matundu, tukangoja. Alasiri akaingiza ule wenzo wake chini ya ubao, akaweka mguu wa kushoto juu yake, akakanyaga. Mlango ukapanda taratibu. Akakaza skrubu huku anapiga mluzi, penseli sikio moja, sikio jingine tupu.

Milango tisa ilituchukua siku nne. Vijana wangu wawili wangeitia randa kwa asubuhi moja. Minne iliyorandwa tayari ilibidi niiongezee vipande vya chini kwa gharama yangu, na chuo hakikunipa mkataba wa jengo la pili; huo nilioupoteza niliupoteza kwa haraka yangu mwenyewe. Nilichobakiza ni fundi anayeanza na milango yangu migumu kabla ya ya mtu mwingine, na hilo ndilo linalolisha uwanja wangu mpaka leo.

Yeye naye alipoteza. Hawezi kujikunja kufunga kamba za viatu, kwa hiyo havai vya kamba. Kidole gumba cha mguu wa kushoto bado kina ganzi, na daktari amemwambia huenda kitabaki hivyo, na kwamba kiungo kilicho juu ya kile kilichofungwa kitabeba mzigo zaidi, akichunge. Sigara hajairudia; penseli ananunua kwa dazeni. Ila anatembea sokoni na mkewe kutoka mwanzo hadi mwisho bila kutafuta pa kukaa, na mkewe analalamika kwamba sasa anasimama kila duka kukagua mlango.

Mwezi uliopita alikwenda kuonwa kwa mara ya mwisho. Alichelewa kutoka, nikaingia kumwangalia. Daktari alikuwa amesimama na faili kifuani, wagonjwa wawili wanangoja nje, na Bawaba amekaa wima kwenye kiti mbele ya mlango wa chumba kile, bisibisi mkononi, matundu matatu ya bawaba ya juu yamejazwa vijiti vipya.

Daktari alimwuliza ataurudishia lini skrubu, maana ana watu wa kuwaona.

"Gundi haijakauka," alimjibu.

Daktari alivuta kiti, akakaa kungoja. Nami nilivuta changu.